Komeo la Ndani

Bi Somoe, kabla hujaniuliza jina
uliniambia nikunje mikono ya shati.
Nikakunja.
Weusi uliokushtua si wa sindano:
ni mafuta ya korosho, ganda lake hula ngozi
hata ukijipaka majivu.
Zile alama nyingine, za zamani, zipo pia.
Sikuzificha.

Ulihesabu kodi ya miezi mitatu mara mbili,
noti kwa noti, ukiziinua juani,
ukanipa chumba cha uani hapa Chikongola:
bati lina tundu tatu, dirisha linatazama choo.
Nikakiona kipana.
Usiku wa kwanza sikulala,
kila mara nainuka kuligusa komeo.

Maana milango ninayoijua mimi
ilifungwa na watu wengine.
Selo, askari na kufuli lake.
Stoo ya mjomba Chilumba kule Newala,
siku tisa za arosto, natapika juu ya magunia,
naye nje kakalia kigoda, analia, hafungui.
Kisha nyumba ya upataji nafuu, tumelala kumi na wanane,
taa inazimwa saa tatu, ufunguo kiunoni mwa msimamizi.
Siwalaumu. Waliniokoa.
Ila kupona kuna nusu mbili,
na ya pili mtu huimalizia kwake.

Wiki ya tano ikapotea sufuria ya Mama Esha.
Macho yote ya ua, hata ya kuku,
yakaja mlangoni kwangu.
Jioni ikaonekana bombani, mtoto aliisahau,
imejaa maji, bata anaoga.
Hakuna aliyesema neno.
Ila wewe:
“Mwezi ujao, mwanangu, utafute pengine.
Si wewe. Ni watu.”

Si mimi, ni watu.
Na mimi je, mbuzi?

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na risiti zangu,
nimezibana kwa kibanio cha nguo.
Kaziangalia, kajikuna kidevu:
“Shaibu, nyumba ni ya mwenyewe.”
Nikamjibu, na mkataba ni wa wawili.
Kasema nirudi Jumatano.
Nitarudi. Foleni nimeizoea:
kila alfajiri nainywa dawa mbele ya nesi,
nafungua mdomo aone nimemeza,
ndipo niende kubangua.

Sikuombi huruma, Bi Somoe,
huruma haina namba ya nyumba.
Naomba miezi niliyoilipia.
Dada yangu anasema shule ikifungwa
atamleta mwanangu, nikiwa na mahali.
Nimenunua ndoo ya pili, ndogo, ya kijani.
Ipo nyuma ya mlango.

Leo ukisikia chuma kikigonga chuma
saa nne ya usiku,
usije na tochi.
Ni mimi.
Nafunga kwa ndani.