Anwani ya Kujipa

Wiki ya pili kazini. Ibra, mwezi wa Juni,
hakuna kivuli cha kuegesha gari la kampuni,
na bisibisi niliyoiacha juu ya dashibodi
imeniunguza kiganja hata sijabisha hodi.

Bhaskaran amenituma peke yangu.
"Anza na waya," aliniambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
"usianze na akili. Akili iache mwisho."

Ofisi ya bili za maji, ghorofa ya pili.
Bi Thureya ananitazama kama fundi bomba aliyechelewa,
kisha anauliza mimi wa nani, namtajia babu,
Kiarabu anakiweka kando kama miwani:
"Mwanangu, hiki kidude tangu jana hakisemi na mtu."

Naketi. Kioo kinawaka, feni inavuma,
kila kitu kizima, kasoro dunia.
Nafungua dirisha jeusi, naandika amri, nasoma:
mia na sitini na tisa, nukta, mia mbili hamsini na nne...
Naona raha ya mtoto aliyeulizwa swali alilolisoma.

Hii, Bi Thureya, ni anwani ya kujipa.
Kompyuta ikiamka hupiga hodi kwenye waya:
hodi wenyewe, nipeni namba ya kukaa.
Seva ikiitika huikopesha,
ya siku moja, labda nane, kisha iombe tena.
Isipoitikiwa inarudia, mara ya pili, ya tatu,
halafu inakata tamaa, inajiandikia yenyewe
namba isiyofika popote.

Anafunga faili. Anafungua tena.
"Sisi tuliposhuka Matrah, mwaka sabini na tano,
mama alikaa miezi minne hana karatasi.
Kila dirisha: rudi kesho.
Akatafuta chaki, akaandika mlangoni
*Nyumba ya Bi Saluma wa Wete*.
Barua haikuja hata moja."

Nimeshaingia chini ya meza, napapasa,
na hapo nakumbuka kuwa nimesema uongo.
Inafika, nasema kutoka huko chini. Kwa jirani inafika.
Mashine mbili zilizokosa seva, kwenye swichi moja,
kila moja na namba yake ya kujipa,
zinasikilizana.
"Ee," anasema. "Jirani alikuwa wa Mkoani."

Taa ya tundu la waya imezimika.
Naufuata ukutani, kwenye korido, hadi kabatini,
swichi imevaa vumbi jekundu kama uji wa mtama,
kiyoyozi kimekuwa kikidondoka, tone kwa tone,
juu ya kichwa cha waya nambari kumi na saba.
Shaba imeota ukijani. Hodi zote ziliishia hapa.

Nakata. Navua ngozi. Nyuzi nane, jozi nne,
zimesokotana, nazisokotoa kwa kucha:
nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu,
nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia.
Nazisoma kwa sauti kama mtoto wa chuoni.
Cha kwanza nakosea, kijani na buluu zimepishana,
nakitupa. Cha pili nakibana, koleo inalia kak.

Taa inapepesa. Kijani.

Narudi, naiambia mashine iombe upya.
Kumi, nukta, ishirini, nukta, nne, nukta, thelathini na saba.
Bili zinamwagika kwenye kioo, za jana na za leo,
simu inaanza kulia, Bi Thureya haipokei.
"Na ile namba ya mwanzo," anauliza, "inakwenda wapi?"

Sijui. Hilo hatukufundishwa.
Naandika ripoti: *kichwa cha waya, maji ya kiyoyozi, dakika hamsini*.
Bhaskaran ataniuliza hamsini za nini.
Nakunywa chai niliyomiminiwa, imeshapoa,
na bisibisi, safari hii, naitia mfukoni.