Kipengele cha Kumi na Nne

Kiwandani kwetu, nyuma ya stesheni ya Moshi,
vikombe vya kuonjea havina majina.
Vina namba tu: tatu, kumi na saba, arobaini.
Mwonjaji haulizi imetoka kwa nani.
Anachota kwa kijiko, anafyonza kwa kelele, anatema,
anaandika: ukakasi, utamu wa mbali, pita.

Aminieli aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja.
Ulimi wake uliijua ya Kibosho na ya Mwika
kama ninavyojua hatua za wanangu mlangoni.
Aliwahi kukataa magunia mia mbili, meneja akafura;
mnunuzi akaonja, akasema: huyu msimguse.

Kisha mtu akamwona Pasua, Jumapili,
akianika shuka na mwanamume yule yule
anayemletea chakula getini.
Shuka tu, ndizo zilizoonekana.
Jumatano ikaja barua: "kupunguza wafanyakazi."
Wakapunguza mmoja.

Siandiki haya kama shujaa.
Mimi Nakundwa, mwakilishi wa wachambuaji,
nilikuwa kwenye mkanda naokota punje mbovu,
nikaendelea kuokota.
Alipita na boksi lake: kijiko,
kikombe kilichovunjika mkono, sweta ya Julai.
Akasema, "Dada, vumbi leo limezidi."
Nikaitikia kwa kichwa. Basi.

Usiku nikawaza: punje niitupayo
imeoza, au mdudu ameitoboa.
Yeye ameoza wapi? Nileteeni nione.

Mwezi huu tunapitia mkataba wa hali bora.
Kipengele cha kumi na nne: asibaguliwe mtu
kwa kabila, dini, jinsia, ulemavu, mimba.
Nikaongeza kwa kalamu: "wala kwa yule ampendaye."
Katibu akapaka wino mweupe juu yake.
"Mama, unatafuta kesi. Watasema nawe ni wao."

Waseme. Nina wajukuu wanne, na mume kaburini Ugweno;
na hata ningekuwa wao,
punje ngapi zingeponyoka vidole hivi?
Wanasema si mila yetu.
Kumfukuza mtu bila kiinua mgongo,
kula jasho lake la miaka kumi na mmoja,
hiyo ni mila ya ukoo gani?

Wino mweupe ukikauka hukwaruzika kwa ukucha.
Nimekwaruza. Nimeandika tena, herufi kubwa.
Kikao ni Alhamisi saa nane, chumba cha kuonjea.
Atakayesema haoni vizuri,
nitamsomea.