Fefanusi

Usiiume. Ichovye kwanza.
Kahawa iwe chungu, ya moto,
hesabu moja hadi saba kama Mjomba Kilua,
ambaye jino lake la mbele lilibaki
ndani ya fefanusi ya Idi ya mwaka juzi
na hadi leo hatujui nani alilimeza.

Jina hili hulipati kwenye kamusi.
Ni neno la Kijerumani lililovuliwa viatu mlangoni
likakaribishwa jikoni kwetu,
Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Babu mzaa babu, Mhando wa Mbaruku,
alikuwa boi kwa bwana mpima ardhi kule Raskazone,
enzi ambazo hela ilikuwa hela kwelikweli,
ya shaba, ukiiangusha inalia.

Bibi wa nyumba ile, Hedwiga, aliugua Desemba.
Joto likipanda, yeye huanza kutafuta baridi.
Hufungua daftari lenye madoa,
humwambia Mhando: twanga.
Karafuu. Hiliki. Mdalasini. Kungumanga.
Tangawizi kavu, ngumu kama kisigino.
Asali ya Handeni, nyeusi, yenye mabawa ndani,
na magadi, badala ya chumvi ya kwao iliyoloa melini.
Na pilipili? Mhando aliuliza,
maana jina lenyewe lilitaja pilipili.
Bibi akacheka. Zamani, kwao,
chochote kilichonukia na kutoka mbali
kiliitwa pilipili tu.
Watawa walikikanda na asali ya mizinga yao,
wakala theluji ikianguka,
wakidhani wameonja Pepo.

Mhando hakusema kitu.
Bibi alipogeuka, alilamba kidole,
akawatambua mmoja mmoja:
jirani zake wa sokoni,
walioondoka maguniani
wakarudi wamevaa makoti.

Na donge lake haliokwi siku hiyohiyo. Hulazwa.
Mtungini, chini ya kitambaa, wiki tano, wiki sita,
linyamaze kama mtu mwenye neno.

Kwa hiyo Novemba ile,
mizinga ya baruti ilipoichokoza mizinga ya asali
na nyuki wakatoka bila kuuliza nani wa jeshi gani,
donge lilikuwa mtungini, siku ya kumi na nane.
Bibi alipandishwa garimoshi la bara, na sanduku moja.
Daftari alilikumbuka.
Mtungi aliusahau.

Mhando aliubeba kichwani usiku.
Mkewe Mwanshida akatandaza makaa chini ya sufuria,
makaa mengine juu ya kifuniko,
na mtaa mzima ukaamka kwa harufu
ambayo miaka yote ilikuwa ikipita tu
kwenye shati la mumewe.
Watoto wenye nyuso zilizovimba kwa miiba ya nyuki
wakapanga foleni, jicho moja moja.
Mara ya kwanza waliotwanga ndio waliokula.

Krismasi ilikuwa bado.
Mwanshida alisema hajaalikwa huko, tuleni.

Tangu hapo fefanusi zetu hufuata mwezi mwandamo;
zimeshapita masika, kiangazi, vuli,
zimeizunguka Desemba kama mbuzi aliyefungwa kambani.
Kipimo ni kiganja cha Mwanshida.
Shangazi Mwanakheri, aliyekirithi, ana mkono mdogo,
huongeza ukufi wa karafuu kwa wasiwasi,
kisha anaapa hakuna kilichobadilika.
Tunazifungia koponi na ganda la chungwa la Muheza
zilainike. Hazilainiki.

Idi iliyopita, Zainuni, wa darasa la nne,
alirudi shule na swali lake:
kumbe hiki ni chakula cha Wajerumani?
Sote tukamtazama Mjomba Kilua.
Fefanusi yake ilikuwa ndani ya kikombe.
Akainua kidole: subiri.

Tano.

Sita.