Sukari Kichwani

Birika tupu juu ya moto, mara tatu wiki hii.
Jumanne alimwita Idrisi "wewe",
mjukuu aliyempa jina yeye mwenyewe,
jina ambalo walimu wa Swansea hudhani ni lao.

Daktari Probert akamuuliza: leo siku gani?
"Sijui."
Mwezi?
"Sijui."
Hesabu kutoka mia, ukitoa saba, saba tena.
Mama, aliyeuza khanga Ngamiani miaka kumi na minne
bila daftari, bila kupunjwa hata senti,
akatazama dirisha lililolowa.
"Sijui."

Mficha maradhi, walisema, kifo humuumbua.
Hawakusema habari ya maradhi
yanayojificha ndani ya nguo za maradhi mengine:
kusahau kukavaa koti la majonzi,
majonzi yakavaa viatu vya kusahau,
na mtoto wa mtu yuko kwenye kiti cha plastiki
anaomba, Mungu anisamehe,
anaomba mama yake awe na huzuni tu.

Walimdunga mkononi sukari yenye mwanga.
Wakamlaza saa nzima chumba cha nusu giza:
usiongee, usisome, usiwaze sana.
"Nisiwaze?" aliniuliza.
Swali lake la kwanza tangu Januari.
Ubongo ni mlaji, alinieleza fundi wa mashine,
kijana wa Llanelli mwenye hereni moja;
unapofanya kazi hula, huwaka,
unapokufa ganzi hauli.
Nikakumbuka vijiko vitatu vya baba,
mama akimgombeza kila asubuhi,
na jinsi tangu tumzike Morriston
anavyokunywa chai bila hata chembe,
kana kwamba sukari ilikuwa ya marehemu.

Wiki mbili. Barua. Kisha skrini:
kichwa cha mama kimekatwa vipande kama papai,
manjano, chungwa, wekundu wa makaa.
Kidole cha Probert kikaenda nyuma, kisha pembeni.
"Hapa ndipo kusahau huanza kuzima taa."
Taa zilikuwa zinawaka.
Mbele tu, juu ya paji, palififia kidogo.
"Siapi," alisema. "Picha ni shahidi mmoja.
Tutamtazama tena. Ila anayesahau hubahatisha jibu,
na mama yako hajabahatisha hata moja."

Miezi yote nilikuwa namtafsiria vibaya.
Nilisema huzuni, nilisema mawazo,
akatikisa kichwa.
Safari hii nikasema: mama, wanaita sonona.
Akageuza uso kutoka dirishani.
"Kumbe wanalo jina lake."
Akaweka kiganja kifuani.
"Panaponisonona ni hapa.
Mashine yao hawakuileta huku."

Vidonge, kimoja asubuhi, baada ya chakula.
Nyumbani birika nililijaza mwenyewe.
Idrisi akaingia na matope ya uwanjani,
mama akamtazama muda mrefu.
"Wewe," akamwambia, "vua viatu."
Nami nimesimama na kijiko mkononi,
sijui hilo nilihesabu upande gani.