Nyumba ya Kupanga, Kabla ya Agosti

Barua ya uhamisho ilinipa siku kumi na nne.
Dalali, Bwana Ombati, alinipa asubuhi moja,
na swali lake la kwanza halikuwa vyumba vingapi.
"Jina la mwisho, dada?"
Nikamwambia. Akalionja ulimini
kama mtu anayeonja maji ya kisima cha Nakuru
akijua yatayafanya nini meno yake.

"Basi wewe," akasema, "nakupeleka kwa watu wako."

Mtaa wa kwanza. Gundi ya mabango bado mbichi,
uso mmoja wa mgombea kwenye nguzo, kwenye ukuta wa zahanati,
hata kwenye mlango wa choo.
"Huku mkishinda mnacheza mpaka alfajiri.
Mkishindwa, mnalia pamoja. Raha, si ndiyo?"
Mwenye nyumba akanikumbatia kwa lugha ya nyanya yangu,
na kwa lugha hiyohiyo, sauti haijabadilika,
akaniambia mpangaji wa pili si wetu,
mwezi ujao anatolewa.
Nikarudisha funguo hazijapata joto la kiganja.

Mtaa wa pili ulikuwa kuta, nyaya, mbwa.
"Hawa hawana chama," Ombati akanong'ona.
"Wana jenereta."

Nikamweleza mtaa ninaoutafuta:
unaoamini kwamba mlinzi naye hula chakula cha jioni,
kwamba maji machafu ya wa juu yasiwe mvua ya wa chini,
kwamba mtu akipiga yowe usiku
mlango hufunguliwa kwanza, ukoo huulizwa baadaye.
Ombati akalamba kidole, akafunua daftari.
Bei. Maji. Kabila.
"Safu hiyo sina, dada."

Simlaumu. Mwaka ule
mama yangu mdogo, Khavere, aliondoka mji huu
juu ya lori, amekaa katikati ya makabati ya watu.
Aliyemficha siku tatu nyuma ya magunia ya makaa
alikuwa wa upande ule.
Aliyeuza cherehani yake
alikuwa wa kwetu kabisa, wa kanisa letu, wa kwaya yetu.

Saa kumi jioni, vumbi la Menengai limekwisha kutupaka unga,
tukasimama kwenye lango lililopinda karibu na reli.
Karatasi imebanwa kwa waya:

MLINZI, JUNI
Chelagat, mia tatu, amelipa
Gathungu, mia tatu, amelipa
Nyangweso, mia na hamsini, atamalizia
Mama Rukia, amelipa
Chumba cha saba, amefiwa, tumemwachia

Nikaisoma mara mbili. Ile "tu".
Silabi moja, imeandikwa kwa kalamu inayokaribia kuisha wino,
nami sijawahi kuona sera iliyoandikwa vizuri zaidi.

"Hapa kumechanganyika," Ombati akasema,
na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anauza.
"Kukiwaka, huna pa kukimbilia."
"Kodi ni ngapi?" nikamuuliza.

Paa linavuja juu ya jiko.
Chelagat wa mlango wa pili anamwita mgombea wangu mwizi
huku akinipitishia vibanio vya nguo,
nami namtajia mashamba ya wake, moja baada ya jingine,
mpaka shuka zinakauka.
Hajanibadilisha. Sijambadilisha.
Mwezi huu yeye ndiye anayekusanya pesa za mlinzi
na hakopeshi mtu huruma: nimelipa.

Pazia nimetundika. Sufuria zimepata misumari yake.
Boksi moja tu sijalifungua, liko chini ya kitanda, limefungwa kamba:
vyeti, blanketi la mtoto, unga kilo mbili,
viatu visivyo na kisigino.
Chelagat aliliona jana alipokuja kuazima pasi.
Akaliangalia kidogo, akaviringisha waya wa pasi mkononi.

"Langu," akasema, "liko nyuma ya mlango."