Vipandio

Mbao nilizinunua kanisani,
dola kumi kila benchi, ukibeba mwenyewe.
Kanisa limeuzwa kwa bwana mmoja wa Toronto
anayekuja Julai na kutoweka kabla ya baridi,
na bwana huyo hana haja na pa kupigia magoti.

Hector Gillis alinisaidia kupakia.
"Murdena," akasema, "unafungua parokia gerejini?"
Nikamwambia nataka kuingia chini ya pikapu
na kutoka.
Akanyamaza.
Alikuwa mmoja wa wanne walioliinua lile gari.

Miaka thelathini nimeendesha basi la shule
katika barabara hizi za Cape Breton,
serikali ikimwaga chumvi tangu Novemba
kama mpishi aliyepoteza ulimi.
Chumvi ikimaliza barafu hugeukia chuma.
Anayetaka gari lake lizeeke naye
sharti kila Mei alale chali, alikague tumbo.

Basi nikapima. Tairi inchi kumi, ubao kumi na moja:
kila upande nusu inchi ya msamaha.
Ubao wa chini futi nne,
unaofuata mfupi kwa shubiri,
unaofuata shubiri tena,
tano kwenda juu, kila ncha nimeikata mshazari
ili gurudumu lipande kama mtu wa magoti mabovu,
likipumua kila daraja.
Gundi katikati. Skrubu kutoka chini,
nyingi kuliko akili inavyotaka.
Kileleni, gogo la kuliambia tairi: basi.

Mwaloni ule ulikuwa mgumu. Msumeno ulilia,
ukatema vumbi lenye harufu ya nta
na makoti yaliyoloa.

Benchi la tatu lilikuwa letu.
Nililigeuza, nikapapasa
pale vidole vya mtoto hufika wakati wa mahubiri:
chingamu tatu, ngumu kama kokoto.
Mbili zangu.
Ya tatu ya Ranald, kaka yangu
hadi asubuhi ile jeki ilipopiga goti.
Jeki mpya. Karatasi ya udhamini
bado ilikuwa mfukoni mwake.

Zangu nilizibandua kwa patasi.
Yake niliizungukia na msumeno,
ikaangukia ukingoni, katika ile nusu inchi
ambako tairi halifiki.

Kipande cha zulia jekundu la altareni
nimekipigilia mbele, kikajilaza sakafuni kama ulimi,
gurudumu likikanyage kwanza,
kipandio kisipate pa kukimbilia.
Padri angelalamika. Padri alikuwa na baiskeli.

Jumamosi, Hector akasimama mbele akipunga mikono
kama anayeita ndege ishuke.
Gia ya kwanza. Mbao ziliguna,
ziliguna tena, zikanyamaza.
Handibreki. Vigingi nyuma, viwili viwili.
Kisha nikaisukuma pikapu kwa bega,
nikaipiga teke,
nikabamiza mlango mara nne,
nikaenda jikoni nikachemsha chai, nikainywa yote.
Hector hakuuliza ninangoja nini.

Miaka kumi na tisa sijalala hivi,
uso kwa uso na tani mbili.
Kutu. Tope la majira manne. Unyoya mmoja wa shakwe,
sijui ulifikaje.
Na bomba la breki ya nyuma, limelika
likabaki jembamba kama utambi.

"Hector, ni bomba."
Buti zake nilikuwa naziona mlangoni, hazisogei.
"Basi toka."
"Bado kidogo."
"Murdena."
"Nimesema bado."

Duka la vipuri linasema Alhamisi.
Hadi hapo pikapu itakaa juu, pua hewani,
na maziwa nitayafuata kwa miguu.