Hati ya Makabidhiano

Faili lilimtangulia mtoto kwa siku nne.
Jalada la kahawia, pembe imelowa chai ya mtu wa Nakuru,
na ndani yake mvulana amekunjwa mara tatu:
jina, kosa, tarehe.
Kosa: kuzurura. Na betri mbili za redio.
Jina wameandika Lokiro. Ni Lokiru.
Nililisahihisha kwa kalamu nyekundu
kabla sijamwona uso.

Jumanne, saa nne na robo, Wandera wa ng'ambo akapiga:
"Dada, tumefika. Gari letu haliruhusiwi kuvuka,
na lenu mmesema halina mafuta."
Basi tukakutana kwa miguu, hapa Busia,
kati ya mageti mawili, penye wabadili fedha
wanaohesabu shilingi kwa shilingi,
jina moja, uzito mbali.

Umri ulitusimamisha.
Karatasi yao: miaka kumi na sita.
Yetu: kumi na mitatu.
Jua likatuchoma tukigombea miaka mitatu
kama wapangaji wanaogombea chumba.
Akaulizwa mwenyewe. Akajibu
kwa Kiswahili alichookota Islii:
"Nilizaliwa mwaka ule ng'ombe walilala kambini kwa wanajeshi."
Wandera akanitazama.
Fomu yake haina kisanduku cha ng'ombe.
Tukaandika kumi na minne, tukaendelea.

*Nimempokea akiwa mzima.*
Neno hilo lina mlango wa mbele na wa nyuma:
mzima, asiye na jeraha;
mzima, asiye mtoto tena.
Nilitia sahihi mara saba
bila kujua nimepita mlango upi.

"Kandambili ni mali ya taasisi," Wandera akasema,
akiangalia pembeni.
Mtoto akazivua, akazipanga sambamba juu ya mstari
kama mtu anayeingia kwa watu,
akavuka miguu mitupu.
Nikamnunulia akala za tairi, elfu saba.
Risiti ninayo. Hakuna wa kuilipa.

Tororo, Mbale, Soroti. Kufikia Iriiri
vumbi lilikuwa limetufananisha.
Bibi yake hakulia.
Alimshika mkono, akaupima kwa vidole,
akasema neno ambalo dereva alinifasiria shingo upande:
"Nilimtoa mfupi, mmenirudishia mrefu.
Huyu atakula cha nani?"

Amri inasema uangalizi, miezi sita,
taarifa kila mwisho wa mwezi.
Uangalizi! Mimi niko Busia,
yeye yuko nyuma ya mlima ambao siuoni hata mvua ikikatika.
Jicho langu ni simu ya mwenyekiti Aleper,
naye hupanda jabali ndipo apate mtandao.
Mwezi wa kwanza: "Yupo. Anachunga mbuzi wa watu."
Wa pili: "Yupo. Anauliza kama kwenu betri ni bei gani."
Wa tatu, sauti ya mwanamke asiyechoka:
*haipatikani kwa sasa.*
Nikaandika kwenye taarifa: haipatikani.
Sikuandika nini.

Mkubwa wangu akagonga muhuri. Taarifa imepokelewa.

Jana jioni nafunga dirisha, Wandera huyo tena.
Hakunisalimu.
"Tunaye mmoja hapa. Jina amelitaja mwenyewe,
akatusimamia tuliandike, akakazia ile *u* ya mwisho.
Tukamuuliza mlezi wake ni nani."
Lori likapiga honi kwake; honi hiyohiyo
ikaingia kwangu kwa dirishani.
"Dada, amekutaja wewe."

Fomu ilikuwa mezani. Safu ya tano:
*Uhusiano na mtoto.*
Nusu mstari, nukta nukta.
Kulikuwa na mengi ya kuuliza, nani kamleta, amekula,
safari hii kosa ni nini.
Nikauliza moja tu:
amevaa nini miguuni.